Siri ya picha nzuri ni mwanga wala si bei ya kamera

FAMILIA inapofiwa, mojawapo ya vitu vinavyotafutwa mapema ni picha ya marehemu. Aghalabu inayopatikana ni ile iliyopigwa adhuhuri mbele ya ukuta mweupe: ukuta unang'aa, uso ni giza tupu.

Wengi huilaumu kamera, au weusi wa mhusika. Ukweli ni kwamba kamera haijui inamtazama nani. Kipimo chake cha mwanga hukisia kuwa kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ikikutana na ukuta mweupe, hupunguza mwanga ili ukuta uwe kijivu, nao uso huzama gizani.

Isitoshe, kwa miaka mingi ya karne ya 20 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi haikuzingatiwa.

Dawa yake ni mazoezi. Anayepiga picha kwa kujifurahisha hahitaji studio. Yai, chungu, sufuria na dirisha moja vyatosha.

Zima taa, kisha weka yai mezani kando ya dirisha. Upande mmoja utang'aa na wa pili utaingia kivuli. Simamisha karatasi nyeupe upande wa kivuli, nacho kitafifia kwa mwanga unaorudishwa na karatasi hiyo. Weka kitambaa cheusi badala yake, na kivuli kitakolea. Jua likipenya moja kwa moja, tundika pazia jepesi uone ukingo wa kivuli unavyolainika.

Usiku, tumia balbu moja. Ukiliondoa yai umbali wa mita 1 kutoka kwa balbu hadi mita 2, mwanga unaolifikia haubaki nusu, bali robo. Katika mita 3, hubaki sehemu moja kwa tisa.

Aidha, linganisha vyombo. Chungu hutawanya mwanga, ilhali sufuria iliyosuguliwa huurudisha kama kioo. Ngozi ya binadamu ina tabia zote mbili. Ndiyo maana mwanga mpana wa dirisha huufanya uso mweusi ung'ae kwa upole shavuni na kwenye paji.

Baada ya hapo, mketishe mzazi wako penye dirisha hilo, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Ikiwa unatumia simu, gusa uso wake kwenye skrini ili kipimo kimfuate yeye wala si ukuta. Nje, epuka adhuhuri, kwani nchini Kenya jua huwa karibu na utosi na kutia vivuli machoni. Subiri saa kumi na moja jioni.

Aliyejifunza kwa yai hatababaika siku mama atakapoketi mbele ya kamera. Siku hiyo isiahirishwe.