Chakula kikibadilishiwa njia tumboni

Katika miaka ya 1950, madaktari wa upasuaji huko Minnesota, Marekani, walibuni namna ya kuwapunguza uzito watu wenye unene uliopitiliza. Waliukata utumbo mwembamba karibu na mwanzo wake, wakaunganisha kipande hicho kifupi na sehemu ya mwisho, na mita kadhaa za katikati zikabaki hazipitishi chakula. Arnold Kremen na wenzake waliandika habari zake mwaka 1954. Mgonjwa alikula kama alivyozoea na kilo zikapungua kweli. Madhara yalikuja baadaye: kuharisha kusikokoma, mawe ya figo, viungo kuvimba, na ini kujaa mafuta hadi wengine likawashinda kabisa.

Sehemu ya kisa hicho ilikuwa imejificha kwenye ule utumbo ulioachwa kando. Kwa kuwa chakula hakikupita humo, bakteria walizaliana watakavyo. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa wa aina hii walipopewa metronidazoli, dawa ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Flagyl, mafuta kwenye ini yalipungua. Dawa ya kuua bakteria ikalisaidia ini. Wakati huo upasuaji wenyewe ulishaanza kuachwa, lakini ulikuwa umeonyesha jambo ambalo bado linawahusu wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito leo: ukibadilisha njia ya chakula, unabadilisha pia wakazi wa utumbo na kile ambacho mwili unaweza kuchukua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Puto, ambalo Watanzania wengi walilisikia kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, si upasuaji. Huwekwa kupitia mdomoni, hukaa tumboni kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Hakuna kinachokatwa wala kuungwa upya, kwa hiyo mengi ya makala haya hayalihusu.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani sasa ni ule wa kuufanya mfuko wa chakula uwe kama mrija. Daktari hukata na kuondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, na kinachobaki ni kijifuko chembamba. Utumbo hauguswi. Wa pili ni baipasi, iliyoanzia kwa Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa katika miaka ya 1960. Hapa juu hubakizwa kijifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, nacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba ulio mbele. Sehemu kubwa ya mfuko wa zamani na duodeni, ule mwanzo wa utumbo mwembamba, hubaki ndani ya mwili zikiwa hai, ila chakula hazikioni tena. Nyongo na maji ya kongosho huteremka kwa njia yao na kukutana na chakula mbele zaidi.

Upo pia upasuaji mkali kuliko aina hizo mbili, uliotokana na kazi ya Nicola Scopinaro wa Genoa, Italia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Chakula na nyongo hukutana kwenye sentimita 50 hadi 100 tu za mwisho wa utumbo mwembamba. Unapunguza uzito sana, na unawanyima watu virutubishi sana.

Sasa bakteria. Tumbo lenye afya lina tindikali kali inayowaua wadudu wengi tunaowameza kila siku pamoja na mate. Baada ya baipasi, kijifuko kilichobaki hutoa tindikali kidogo mno, hivyo bakteria wa kinywani, wakiwemo jamii za Streptococcus na Veillonella, hufika salama kwenye utumbo na kuweka makazi. Wale wanaostahimili hewa ya oksijeni, kama Escherichia coli, nao huongezeka. Nyongo, ambayo kazi yake si kuyeyusha mafuta tu bali pia kuwadhibiti bakteria fulani, inawasili kwa kuchelewa. Mwaka 2009 watafiti wa Arizona walilinganisha kinyesi cha watu tisa tu, watatu wenye uzito wa kawaida, watatu wanene na watatu waliofanyiwa baipasi, na hata kwa idadi hiyo ndogo tofauti ilionekana wazi. Mrija nao hubadilisha bakteria, lakini kwa kawaida mabadiliko huwa madogo kuliko ya baipasi. Mkanda wa kubana tumbo, ambao siku hizi umepungua sana hospitalini, hubadilisha kidogo zaidi.

Je, bakteria hao wapya ndio wanaopunguza uzito? Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Boston lilichukua bakteria wa panya waliofanyiwa baipasi na kuwapandikiza panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya hao walipungua uzito na mafuta ingawa hawakuguswa na kisu. Mwaka 2015 wenzao wa Gothenburg, Sweden, walitumia kinyesi cha wanawake waliofanyiwa upasuaji miaka tisa hivi kabla yake; panya waliokipokea walijenga mafuta machache kuliko waliopewa kinyesi cha wanawake wanene ambao hawakufanyiwa upasuaji.

Ni matokeo ya kusisimua, na magazeti yaliyapenda. Mimi nayapokea kwa tahadhari. Panya si binadamu. Isitoshe, anayetoka kwenye chumba cha upasuaji anakula kidogo, anakula vitu tofauti, pengine ameacha metfomini aliyokuwa akinywa kwa ajili ya kisukari, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwabadilisha bakteria chenyewe. Homoni za utumbo zinazoleta shibe, hasa GLP-1, nazo hupanda baada ya mrija na baada ya baipasi. Kuwapa bakteria sifa yote ni kuwaonea wengine. Anayekuuzia vidonge vya bakteria kwa ahadi kwamba vitakupa matokeo ya baipasi bila kisu anakuuzia ndoto.

Kwenye virutubishi ushahidi ni mzito zaidi, na hapa ndipo mgonjwa anapoweza kuumia kimyakimya. Chukua vitamini B12. Ili ipokelewe mwishoni mwa utumbo mwembamba, inahitaji tindikali ya kuitoa kwenye nyama au samaki, kisha protini maalumu inayotengenezwa na kuta za mfuko wa chakula. Mrija umepunguza kuta hizo. Baipasi imezitenga na chakula. Bakteria wakizidi kwenye utumbo mwembamba nao hula sehemu ya B12 iliyopo. Hata hivyo ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu anaweza kufurahia nguo zake mpya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ganzi na kuungua nyayo vikaanza wakati ameshaacha kwenda kliniki. Mwenye kisukari atadhani ni sukari. Metfomini, kama bado anainywa, nayo hushusha B12.

Vitamini B1 haina subira hiyo. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache. Mtu anayetapika mfululizo baada ya upasuaji, kisha akaanza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa, ni mgonjwa wa dharura. Apewe B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu sukari hiyo inaweza kumaliza kidogo kilichobaki na kuudhuru ubongo.

Madini ya chuma hupokelewa zaidi kwenye duodeni, mahali palepale ambapo baipasi imeparuka. Kwa mwanamke anayepata hedhi, upungufu wa damu ni jambo la kutarajiwa asipokunywa vidonge, na mazoea yetu ya kushushia chakula kwa chai ya rangi huzidisha tatizo, maana chai huzuia chuma kisipokelewe. Chai isubiri. Kalsiamu nayo hupokelewa vizuri hapohapo mwanzoni, tena kwa msaada wa vitamini D. Aina ya kalsiamu inayofaa zaidi ni sitreti, kwa kuwa kaboneti iliyo kwenye vidonge vingi vya bei nafuu huhitaji tindikali. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane walau saa mbili. Waliofanyiwa ule upasuaji wa Scopinaro wana mzigo mwingine juu ya huu: mafuta hayapokelewi vizuri, na vitamini A, D, E na K hutoka nayo chooni.

Mafuta hayo yanatuleta kwenye mchicha. Yasipopokelewa, hata baada ya baipasi, hunasa kalsiamu ndani ya utumbo. Kwa kawaida kalsiamu ndiyo inayoifunga oksaleti ya kwenye chakula ili itoke na choo. Ikikosekana, oksaleti huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo kama mawe. Mchicha una oksaleti nyingi. Aliyefanyiwa baipasi hana haja ya kuukimbia, ila aule pamoja na chenye kalsiamu, dagaa au maziwa mgando kwa mfano, na anywe maji ya kutosha kwa mafundo madogomadogo, maana kijifuko chake hakimruhusu kunywa glasi nzima kwa mara moja.

Je, bakteria wanaweza kusaidia kwenye virutubishi? Jaribio moja la Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2009, liliwapa baadhi ya wagonjwa wa baipasi vidonge vya bakteria jamii ya Lactobacillus. Kiwango chao cha B12 kilikuwa juu kuliko cha wenzao. Walikuwa wagonjwa 44 kwa jumla, kwa hiyo sitamshauri mtu aache sindano ya B12 kwa sababu ya mtindi. Mtindi aunywe kwa ajili ya protini yake.

Mwanamke anayepanga kubeba mimba hushauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, mpaka uzito utulie na vipimo vya damu viwe sawa. Katika kipindi hicho asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, hasa kama ni baipasi, kwa sababu havina uhakika wa kupokelewa kama zamani. Kitanzi au kijiti ni salama zaidi. Na uwezo wa kushika mimba mara nyingi hurudi haraka uzito unaposhuka, hata kwa aliyekuwa ameambiwa hawezi kuzaa.