Nyongo, Ini na Manjano

Bila shaka umewahi kumwona mtu akipasua samaki huko Mwaloni Kirumba, mjini Mwanza, au katika mwalo ulio karibu na kwenu. Hukata tumbo la sato kwa uangalifu, na kabla ya kuondoa matumbo hutafuta kitu kidogo cha rangi ya kijani kilichoshikamana na ini. Hukitoa polepole na kukitupa. Kikipasuka, maji yake huenea katika nyama, na samaki huwa mchungu hata aoshwe mara tatu. Hicho ni kifuko cha nyongo. Ndiyo maana jambo likiharibika watu husema limetumbukia nyongo.

Wewe pia unayo nyongo. Weka mkono juu ya mbavu zako za chini, upande wa kulia. Nyuma ya mbavu hizo lipo ini. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, nalo hutengeneza nyongo usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kifuko cha nyongo hakitengenezi kitu; huhifadhi tu, tena vijiko vichache. Ulapo chakula chenye mafuta, kifuko hujikamua. Nyongo huteremka katika bomba jembamba liitwalo mrija wa nyongo, na kuingia mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Hapo hukutana na maji mengine ya kusaga chakula yatokayo katika kongosho.

Kazi yake utaielewa kwa jaribio hili. Chukua chupa mbili zenye maji, utie matone machache ya mafuta ya kupikia katika kila chupa. Katika chupa moja ongeza sabuni kidogo. Zitikise zote mbili, kisha uziache zitulie. Katika chupa isiyo na sabuni, mafuta yatapanda juu na kukusanyika tena. Katika ile nyingine yatabaki yamegawanyika vipande vidogo mno, na maji yatakuwa kama maziwa. Nyongo si sabuni, lakini hufanya hivyo hivyo kwa mafuta ya sangara uliyokula mchana, ili yaweze kusagwa kwa urahisi.

Nyongo ina kazi ya pili, nayo ni kuondoa taka. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, halafu huvunjika. Zikivunjika hutoa rangi ya manjano. Ini huichukua rangi hiyo kutoka katika damu na kuitia katika nyongo, ambayo huipeleka utumboni. Humo hubadilika na kukipa choo rangi yake ya kahawia. Usione aibu kusoma habari za choo. Daktari hujifunza mengi kutokana nacho.

Sasa fikiri itakuwaje mrija wa nyongo ukiziba. Rangi haiwezi kwenda utumboni, kwa hiyo choo huwa cheupe kama majivu. Hurudi katika damu, na sehemu nyeupe ya macho huwa ya manjano. Nyingine hutoka kwa njia ya figo, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Ngozi huwasha. Mara nyingi mgonjwa huumwa chini ya mbavu za kulia, na akipata homa pamoja na baridi hapaswi kungoja hata siku moja, kwa kuwa nyongo iliyotuama huweza kuoza kwa vijidudu.

Mrija huzibwa na nini? Pengine na minyoo wakubwa wa tumboni, wale wafananao na nyungunyungu, ambao hupotea njia na kupanda ndani yake. Lakini mara nyingi zaidi huzibwa na vijiwe vya nyongo, vinavyoganda katika kifuko kama punje za mchanga au kokoto. Watu hudhani vijiwe ni ugonjwa wa watu wazima tu. Sivyo. Mikoa ya Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kuzaliwa ambao chembe za damu hujipinda mfano wa mundu. Chembe hizo huishi siku 20 hivi au pungufu, badala ya 120. Rangi ya manjano huwa nyingi kupita kiasi, na ziada yake huweza kuganda kuwa vijiwe hata katika mtoto wa umri wako. Katika hospitali kubwa kama ile ya Bugando, daktari huviona vijiwe kwa mashine itumiayo mawimbi ya sauti, bila ya kupasua tumbo.

Hapa yafaa tutenganishe majina, kwa maana yakichanganywa mgonjwa huweza kupewa msaada usio wake. Macho yakiwa ya manjano, hali hiyo huitwa manjano. Hiyo ni dalili, si ugonjwa mmoja. Huweza kuletwa na mrija ulioziba, na malaria kali au na selimundu. Homa ya manjano ni jina la ugonjwa mmoja tu, uenezwao na mbu. Homa ya ini ni ini lenyewe kuvimba, hasa kwa sababu ya virusi. Na safura? Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambako ni jina la nyongo ya manjano, lakini katika Kiswahili ni upungufu wa damu uletwao na minyoo wadogo waingiao kwa kupenya ngozi ya miguu peku.

Pwani ya Ziwa Victoria kuna adui mwingine wa ini, naye ni kichocho cha tumbo. Minyoo wa kichocho waligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Misri mwaka 1851. Mtu mgonjwa akijisaidia ziwani au kandokando yake, mayai hufika majini, hutoa viluwiluwi, navyo huingia katika konokono. Baadaye viluwiluwi vingine hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aogaye au achotaye maji. Minyoo waliokomaa hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine huchukuliwa na damu hadi katika ini, nalo hujaa makovu. Damu hukosa njia ya kupita. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mgonjwa huweza kutapika damu. Hata hivyo mrija wa nyongo kwa kawaida haukuziba. Dawa yake ni prazikwanteli, vile vidonge vigawiwavyo shuleni baada ya kupimwa urefu wako.

Mwanafunzi mmoja ana macho ya manjano, choo cheupe na mkojo mweusi. Mwenzake ana tumbo kubwa na damu katika choo, lakini macho yake ni meupe. Je, ni yupi ambaye mrija wake wa nyongo umeziba? Eleza umejuaje.