Phoenix au ya gia? Mpime mtoto mguu kabla ya kuuliza bei

Maswa. Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, swali moja hurudi katika familia nyingi za Nyalikungu: mtoto anayeanza kidato cha kwanza anunuliwe baiskeli gani? Baba huitazama Phoenix, chuma kitupu, inayobeba gunia bila kulalamika. Mtoto huitazama ya gia, yenye tairi pana na rangi za kung'aa. Mara nyingi kinachoamua ni bei, au ile hoja ya wazazi wengi kwamba "atakua nayo".

Hoja hiyo inafaa kwa sare. Sketi ikiwa ndefu hukunjwa upindo, na mwakani upindo unafunguliwa. Baiskeli haina upindo. Mtoto akipewa iliyomzidi kimo ataiendesha hivyo hivyo asubuhi na jioni, huku goti, kiuno na viganja vikilipa gharama. Na akiumia au akichoka kila siku kabla ya kipindi cha kwanza, chombo kilichonunuliwa ili kimsaidie kusoma kinageuka kuwa mzigo.

Mkoani Simiyu, kama ilivyo Usukumani kote, baiskeli si mchezo wa watoto. Ndiyo hubeba pamba, maji, mkaa na mgonjwa. Kwa sababu hiyo wazazi huijua vizuri kwa upande wa uimara: wanajua rimu ipi haipindi na spoku zipi hazikatiki. Kinachosahaulika ni mwili wa yule atakayeketi juu yake.

Phoenix: imara, lakini ni ya mtu mzima

Phoenix inatoka Shanghai, China. Ndugu zake wa karibu ni Avon na Hero za India, na wazee wanaikumbuka pia Swala iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Zote zina umbo moja: rimu kubwa ya inchi 28, usukani uliorudi nyuma kumwelekea mwendeshaji, bomba la juu lililonyooka, na keria nzito.

Uzuri wake ni kwamba mtu huketi wima. Shingo haichoki na viganja havibebi uzito. Ina madigadi na mara nyingi kifuniko cha mnyororo, hivyo sketi au suruali ya shule haichafuki wala kunaswa.

Ubaya wake ni huo huo ukaaji wa wima. Uzito wote wa mwili hushukia kwenye makalio, na kila shimo la barabarani hupanda moja kwa moja hadi kiunoni. Ndiyo maana kiti chake kimewekwa springi. Zikifa au zikikatika, zibadilishwe, si kufungwa kitambaa juu yake.

Tatizo kubwa kwa mwanafunzi ni kimo. Bomba la juu la baiskeli hizi kwa kawaida hupita sentimita 80 kutoka ardhini, na mguu wa mtoto wa miaka 13 mara nyingi haufiki hapo. Matokeo yake yanaonekana barabarani: mtoto anapitisha mguu chini ya bomba na kuendesha mwili ukiwa umepinda upande, au anayumbisha nyonga kulia na kushoto akizifukuza pedeli. Akilazimika kusimama ghafla, hana pa kuweka mguu. Bomba linampokea katikati ya mapaja, na akianguka anaangukiwa na chuma cha kilo 20 hivi.

Ya gia: inamfaa kimo, ila ina masharti

Baiskeli ya gia huwa na rimu ya inchi 26, na zipo za inchi 24 kwa wadogo. Bomba lake la juu mara nyingi huinama, hivyo mtoto anaweza kusimama akiwa amelipitisha katikati ya miguu bila kuguswa. Tairi zake pana humeza mitetemo zaidi, mradi zisijazwe upepo hadi ziwe kama jiwe. Gia nyepesi hupunguza mzigo kwenye goti wakati wa kupanda mlima au kupambana na upepo.

Masharti yake ni haya. Usukani ulionyooka humfanya mtoto ainame mbele, na sehemu ya uzito huhamia kwenye viganja, mabega na shingo. Akiweka begi la vitabu mgongoni, mzigo huo unaongezeka. Begi lifungwe kwenye keria, na kama haina keria, inunuliwe siku hiyo hiyo. Nyingi huuzwa bila madigadi wala kifuniko cha mnyororo, jambo linalowasumbua wasichana wanaovaa sketi ndefu. Gia za bei rahisi nazo hulegea mapema. Kabla ya kununua, hakikisha fundi wa karibu anaweza kuzirekebisha na spea zake zinapatikana.

Kuna njia ya tatu ambayo wazazi wa wasichana wasiipuuze: baiskeli ya kike, ambayo bomba lake limeshushwa. Mtoto huipanda bila kurusha mguu juu, huketi wima kama kwenye Phoenix, na miguu hufika chini.

Vipimo vitano vya kufanya dukani

Mzazi, nenda na mtoto. Usimpimie kwa macho.

Kwanza, asimame juu ya bomba la juu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Pabaki nafasi ya angalau vidole viwili au vitatu kati yake na bomba. Pasipobaki, baiskeli hiyo si yake.

Pili, aketi, pedeli moja ikiwa chini kabisa, aiweke kisigino. Mguu unapaswa kunyooka. Akiendesha kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa anayejifunza, kiti kishushwe kwanza ili miguu ifike chini, kisha kipandishwe kadiri anavyozoea.

Tatu, ashike usukani. Viwiko vikunjike kidogo. Vikinyooka kama fimbo, usukani uko mbali mno.

Nne, kiti kiwe sambamba na ardhi. Kikiinua pua, huumiza sehemu za siri. Kikiinamisha pua, mtoto huteleza mbele na kuegemea viganja.

Tano, afikie breki kwa vidole na aweze kuzibana kwa nguvu zake mwenyewe, si kwa msaada wa fundi.

Kiti kinaweza kupandishwa mtoto anapokua, lakini bomba lake lisivutwe kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Likizidi, linaweza kukatika akiwa njiani.

Sikiliza mahali panapouma

Maumivu yenyewe huonyesha kasoro iko wapi. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, au nyonga zikiyumba, kiti kiko juu mno. Ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete inaashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja. Sogeza usukani au punguza uzito wa mbele. Ganzi katikati ya mapaja inatokana na kiti, na si jambo la kuonea haya kumwambia mzazi.

Rekebisha kwa sentimita moja moja, kisha mpe siku chache. Maumivu yakiendelea wiki mbili baada ya marekebisho, goti likivimba, au ganzi isipoondoka, mpeleke kituo cha afya.

Ajali moja haitakiwi kusubiri hata siku moja: mtoto akianguka na ncha ya usukani ikamgonga tumboni, apelekwe hospitali hata kama nje kuna mchubuko mdogo tu. Ini, wengu au kongosho vinaweza kuumia ndani bila dalili za haraka. Ncha za usukani zisikose mipira yake. Ile inayochakaa na kuachwa chuma wazi ni hatari.

Na kama mwanafunzi atampakia mdogo wake nyuma, spoku zizibwe pembeni na pawekwe pa kukanyagia. Wayo wa mtoto kuingia kwenye spoku ni jeraha baya linaloweza kuchana kisigino na kuvunja mfupa. Kofia ngumu nayo, ikipatikana, hupunguza madhara kichwani.

Kwa familia yenye baiskeli moja ya kubeba mizigo na kutumwa na watu wazima, Phoenix bado ni chaguo zuri. Kwa mtoto ambaye mguu wake haujaifikia, baiskeli ndogo ya gia au ya kike iliyotumika, ikiwa na breki nzima, ni bora kuliko Phoenix mpya inayomsubiri akue. Miaka miwili mitatu baadaye inaweza kuuzwa, au kurithiwa na mdogo wake, na yeye naye apimwe upya kabla ya kuipanda.