Kulipwa kwa kujibu maswali: nani humlipa nani?

MTU mwenye simu ya intaneti, awe Dodoma mjini au Mvumi wilayani Chamwino, hukutana na matangazo ya kulipwa kwa kujibu maswali. Je, malipo hayo ni ya kweli?

Yapo, ila ni madogo. Kampuni inayotaka kujua mawazo ya wateja humlipa mtafiti, naye humgawia mhojiwa kidogo, mara nyingi muda wa maongezi.

Ugumu umo katika sifa. Mtafiti akitafuta wenye magari, mkulima wa zabibu hujibu maswali mawili matatu, kisha huondolewa mikono mitupu, huku kifurushi chake cha intaneti kimekwisha kuliwa. Baadhi ya kampuni, aidha, hazilipi mpaka pointi zifikie kiwango fulani.

Mwaka 2013 Twaweza ilipoanzisha Sauti za Wananchi, ilizipa kaya zilizochaguliwa kwa nasibu simu na chaja za umeme wa jua. Mhojiwa hakujiandikisha, wala hakutozwa kitu.

Anayedai ada ya usajili au namba ya siri ya simu, basi, si mtafiti bali ni tapeli. Na hata kwa mtafiti halali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka amweleze mhojiwa madhumuni ya kukusanya taarifa zake.