Acheni Kuniuliza Kozi Yenye Soko

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, simu yangu haipoi. Mzazi wa Kishapu, mjomba wa Kahama, binti aliyemaliza shule juzi hapa mjini Shinyanga, wote wana swali moja: "Mwalimu, kozi gani ina soko?" Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa vyuo, na swali hili limenichosha kwa sababu naona linavyowaumiza watoto. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Anayeuliza hivyo anaona ajira kama mnada wa ng'ombe: unafika, unaangalia kinachonunuliwa, unarudi nyumbani kukileta mnada ujao. Lakini stashahada ni miaka miwili au mitatu, shahada ni mitatu, minne au zaidi. Soko unalosifiwa leo ni la waliojiunga na chuo miaka kadhaa iliyopita. Wewe utakutana na jingine, ambalo mimi sijaliona, wala aliyekusimulia hajaliona.

Tazameni ualimu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, shule za sekondari za kata zikaota kila mahali, na kwa miaka kadhaa mhitimu wa ualimu alikaa nyumbani akisubiri tu orodha ya kupangiwa kituo. Wazazi wakasema ualimu una uhakika, wakauza ng'ombe, wakapeleka watoto. Baada ya mwaka 2015 mlango ukabana, hasa kwa masomo ya sanaa. Katika usaili wa mwanzoni mwa 2025, waombaji zaidi ya 200,000 waligombea nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Vijana hao hawakukosa akili wala bidii. Walifuata kozi yenye soko.

Na mgodini? Huko ndiko uvumi wa Kanda ya Ziwa ulikoweka kambi. "Soma chochote cha mgodini, utaajiriwa." Mgodi una umri, na wanaouchimba wanaukadiria kabla hata ya kuchimba. Golden Pride wa Nzega ulianza mwaka 1998, ukafungwa 2014. Tulawaka wa Biharamulo ulianza 2005, na kufikia 2013 mwekezaji alikuwa anaondoka. Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza uzalishaji 2009 ukahitimisha 2021. Kijana aliyeingia chuo 2018 akiiwazia Buzwagi alihitimu mgodi ukifungwa. Hata mgodi unaoendelea haubaki vilevile. Geita ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, leo unachimba pia chini ya ardhi, na dereva wa malori ya shimo la wazi hashuki huko bila kufunzwa upya. Sisemi msisome madini. Someni, kama miamba, mitambo au maabara ndivyo vinavyomvuta mtoto. Msisome kwa sababu kijana wa jirani alijenga kwa mshahara wa Bulyanhulu.

Aliyesukumwa kwenye kozi kwa uvumi namtambua mwaka wa pili. Hali vizuri, halali, anaruka vipindi. Bumu likiingia linaishia kwenye kubeti. Anaanza kuulizia maduara ya dhahabu ya Mwakitolyo. Nyumbani wanasema ni mvivu, wengine wanasema kachezewa, na pesa ya ada inakwenda kwa mganga mwenye "dawa ya masomo". Hiyo dawa haipo. Huenda kijana ana sonona, ugonjwa unaotibika, na anaogopa kumwambia baba kwa kuwa ng'ombe wameshauzwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mwawaza. Mpelekeni.

Swali la kuniuliza ni hili: nikimaliza, nitaweza kufanya kazi gani ambayo leo siwezi, na nani ataniona nikiifanya?

Ukishauliza hivyo, mengine ni ya haraka. Barua za kuomba nafasi ya field ziandike miezi mitatu kabla, siyo wiki ya mwisho, na usiende field kwa shangazi ili mradi upigiwe muhuri. Daftari la field lijaze kila siku, na ukiondoka uwe na msimamizi mmoja anayekujua kwa jina. Hakikisha majina ya vyeti vyote yanafanana na ya NIDA. Yakitofautiana, rekebisha sasa, kwa maana wengi hukwama hapo. Fungua akaunti ya Ajira Portal mapema, jisajili na huduma za ajira za serikali, TAESA. Likizo ndefu, chukua kozi fupi VETA: umeme, uchomeleaji, udereva. Kama kazi umeijifunzia gereji, VETA wana utaratibu wa kuurasimisha ujuzi huo. Usimlipe mtu yeyote anayedai kukuingizia jina mgodini, ni tapeli. Na ukiona kozi si yako, sema muhula wa kwanza, kuhama bado kunawezekana.

Wazazi, kabla ng'ombe wa ada hajafika mnadani, kaeni na mtoto jioni moja mumsikilize anataka kuweza kufanya nini. Kisha njooni ofisini wote wawili, naye mwacheni azungumze wa kwanza.