Matumbawe ya Kwanza katika Tangi la Kioo

Tumbawe ni mnyama, na kwa kawaida si mnyama mmoja bali ni kundi la wanyama wadogo, waitwao polipu, walioungana miili. Ndani ya nyama zao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao kwa njia ya usanisinuru humpatia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Huenda ndiyo sababu watu wafugao matumbawe nyumbani, jambo lililoenea hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, huyatazama kama maua: huchagua rangi iwapendezayo, hulipa, na baada ya miezi michache hubakiwa na mifupa myeupe ya chokaa. Makala haya yaeleza kwa nini uchaguzi wa kwanza wapasa kuongozwa na hali ya maji, wala si na macho.

Tangi jipya si bahari ndogo. Mwambani kila wimbi huleta maji mengine; katika tangi maji ni yale yale. Konokono mmoja akifa, au chakula cha samaki kikibaki, hutokea amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina fulani huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa haba. Bakteria hao huhitaji muda wa kuzaana juu ya mawe na mchanga, kwa kawaida majuma manne hadi sita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe waliomo yawezavyo kufanya kazi hiyo bila mitambo mingi, na msingi huo wafuatwa na wengi hadi leo. Hata hivyo, amonia ikiisha, misukosuko haijaisha. Mwani wa kahawia hutanda, kisha wa kijani, na vipimo hupanda na kushuka kwa miezi kadhaa.

Sasa na tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa kemia aweza kuifuata. Tumbawe gumu hujenga mfupa wake hivi:

Ca²⁺ + 2HCO₃⁻ → CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Tuchukue tangi la lita 200. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalisi katika kila lita, yaani gramu 84 katika tangi zima. Hiyo yatosha kutengeneza gramu 210 za chokaa. Lakini ualkali wa maji ya bahari, ambao kwa sehemu kubwa ni bikaboneti, ni kiasi cha miliekwivalenti 2.3 tu kwa lita, au 460 katika tangi zima. Kila miliekwivalenti moja yatoa miligramu 50 za chokaa. Kwa hiyo bikaboneti yote ingekwisha baada ya kujengwa gramu 23 tu za mfupa, huku sehemu kubwa ya kalisi ingali majini! Na tumbawe halingoji iishe yote; ualkali ukiyumba tu, mnyama hudhoofika. Acropora, lenye matawi mfano wa pembe za paa, hukua upesi kuliko matumbawe mengi, na kwa hiyo ndilo lidailo zaidi. Kumpa mgeni wa kazi hii Acropora ni kumkabidhi deni asiloweza kulilipa.

Matumbawe laini hayana deni hilo. Badala ya mfupa mzima yana chembe ndogo za chokaa zilizotawanyika katika nyama, na mengi yao huvumilia nitrati na fosfati kiasi. Hapa Sarcophyton, lenye umbo la uyoga, lastahili kutajwa kwanza. Mara kwa mara hufunga polipu zake zote kwa siku kadhaa, likajivua ngozi nyembamba mfano wa nta pamoja na uchafu ulioganda juu yake. Wengi hudhani limekufa, wakalitupa likiwa hai. Kasoro yake ni kwamba hutoa majini kemikali za kuwazuia majirani, hivyo ni vema kulipa nafasi na kupitisha maji katika mkaa wa kuchujia.

Xenia na jamaa zake hupendwa kwa sababu polipu zao hufumba na kufumbua minyiri bila kukoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya Heteroxenia ya Bahari ya Shamu ulionyesha kwamba mwendo huo huondoa oksijeni iliyozidi karibu na nyama, na hivyo kuongeza usanisinuru. Lakini urahisi wake wa kukua ni hatari pia. Huko Venezuela, tumbawe laini la jamii hiyo, Unomia stolonifera, lenye asili ya bahari za mbali na linalodhaniwa kuingizwa na wafanya biashara ya matangi, limeufunika mwamba wa wenyeji katika ghuba za mashariki. Kwa hiyo kiumbe wa tangi asimwagwe baharini kamwe, hata kipande.

Zoanthus na Palythoa, zenye rangi kali na bei nafuu, hukua bila taabu. Lakini baadhi ya Palythoa zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zijulikanazo, iliyotengwa mwaka 1971 kutoka Palythoa ya Hawaii. Wako watu walioumwa kwa kuyachemsha au kuyasugua mawe yenye viumbe hao, wakavuta mvuke wake. Glavu na miwani ya kinga ni lazima. Kwa tangi la shule, singeshauri jamii hii hata kidogo.

Likishanunuliwa, tumbawe liwekwe chini kwanza, mbali na taa, kisha lipandishwe polepole kwa majuma. Joto nalo liangaliwe: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na maji machache chini ya taa hupata joto upesi zaidi kuliko bahari.

Tumbawe gumu laweza kufikiriwa pale ualkali, upimwao kwa matone ya asidi na kiashirio, ukae imara, na mwani wa chokaa wenye rangi ya zambarau uanze kuenea juu ya mawe wenyewe. Msomaji wa pwani asishawishike kwenda kung'oa lake. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, hilo ni marufuku, na biashara ya matumbawe magumu baina ya mataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Lifaalo ni kipande kilichokatwa kutoka tumbawe lililokulia katika tangi. Dietrich Stüber wa Berlin alifaulu katika miaka ya 1980 kukuza Acropora nyumbani, akawagawia wenzake matawi, nao wakawagawia wengine. Kipande cha namna hiyo kimekwisha kuzoea taa na maji ya tangi, na mwamba haukupungukiwa na kitu.