Grand Rapids: sanaa hujaza hoteli, msanii hujilipia nauli

Oktoba 2009, Ran Ortner, mchoraji wa Brooklyn, New York, aliondoka Grand Rapids na dola 250,000. Picha yake ya mawimbi ya bahari ilikuwa imezishinda kazi zaidi ya 1,200 zilizotandazwa katikati ya mji huo wa jimbo la Michigan. Mshindi hakuchaguliwa na majaji. Watu wa kawaida, wenyeji na wageni, walijiandikisha, wakazunguka mitaani na watoto wao, wakapiga kura.

Hayo ndiyo mashindano ya ArtPrize, na yeyote anayefuatilia biashara ya uchoraji na uchongaji katika miji ya Marekani iliyo nje ya New York na Los Angeles hana budi kuyatazama. Grand Rapids ina watu karibu 200,000, wakiwamo Wakongomani wengi ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Si mji unaojulikana kwa wanunuzi wakubwa wa sanaa. Hata hivyo, karibu kila majira ya vuli mji huu umevuta mamia ya maelfu ya watazamaji.

Mwanzilishi wa ArtPrize, Rick DeVos, ni mjukuu wa mmoja wa waasisi wa kampuni ya Amway, na fedha za mwanzo zilitoka kwa familia hiyo. Utaratibu aliouweka ulikuwa mwepesi. Jengo lolote ndani ya eneo la mashindano liliweza kuwa ukumbi wa maonyesho, iwe benki, baa, kanisa au hoteli. Msanii alilipa ada ndogo ya kujiandikisha, akatafuta mwenye jengo atakayempokea, akaleta kazi yake. Mtazamaji hakutozwa kiingilio. Mwaka ule wa kwanza zawadi zote zilifika dola 449,000, zikagawanywa kwa washindi kumi.

Hebu tupige hesabu. Washindi kumi kati ya watu zaidi ya 1,200 maana yake ni kwamba karibu kila aliyekuja alirudi mikono mitupu. Alikuwa amenunua mbao, chuma au rangi kwa fedha zake, akakodi gari, akalipia malazi, pengine na bima. Wakati huohuo mikahawa ilijaa, vyumba vya hoteli vikaisha, na maegesho ya magari yakaingiza fedha usiku na mchana. Wote hao walikuwa wakiuza chakula na vitanda kwa watu waliovutwa na jasho la mtu mwingine. Sisemi kwamba msanii alidanganywa, kwa kuwa alijua masharti na alihitaji kuonekana. Lakini kuonekana hakulipi kodi ya nyumba, na mji unaovuna namna hiyo unapaswa kuihesabu gharama ya msanii katika bajeti yake kama unavyohesabu ulinzi na usafi.

Fedha za sanaa hapa zina historia ndefu. Magogo yaliyoelea kwenye mto Grand ndiyo yaliyoujenga mji. Baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, samani zake zikawa na jina Marekani nzima. Viwanda vya samani za nyumbani vilipohamia kusini, zilibaki samani za ofisi, na kampuni ya Steelcase iko hapo hadi leo. Utajiri huo ndio uliojenga makumbusho: Peter Wege, mrithi wa Steelcase, alitoa dola milioni 20 kwa jumba jipya la Grand Rapids Art Museum lililofunguliwa 2007, kwa sharti kwamba lijengwe kwa kuyajali mazingira. Frederik Meijer, mwenye maduka makubwa, aliacha bustani ya sanamu iliyofunguliwa 1995.

Serikali nayo ilikuwa na mkono wake. Mwaka 1969 lilisimikwa sanamu jekundu la chuma la Alexander Calder, La Grande Vitesse, lenye urefu wa mita 13 kwenda juu. Lilikuwa la kwanza nchini kugharimiwa na mpango wa serikali kuu wa sanaa za hadharani, kwa ruzuku ya dola 45,000. Wakazi wengi walilipinga. Leo umbo lake limo katika nembo ya mji, hata kwenye magari ya taka. Na tusisahau kwamba Calder alilipwa ili alitengeneze.

ArtPrize yenyewe imekuwa ikijirekebisha. Kura za umma zilipendelea kazi kubwa na zenye picha inayotambulika upesi, kwa hiyo kuanzia 2014 majaji walipewa zawadi kuu ya dola 200,000 sawa na ile ya umma. Mwaka huohuo Anila Quayyum Agha, mzaliwa wa Lahore, alishinda pande zote mbili kwa sanduku la mbao lililotobolewa nakshi, lenye taa moja ndani iliyojaza chumba kizima vivuli. Umma ulimpa 200,000. Nusu ya zawadi ya majaji, aliyogawana na msanii mwingine, ikamwongezea 100,000.

Jaribio lililonivutia zaidi ni la 2019. Waandaaji waliweka mashindano kando, wakawaagiza wasanii wachache kazi maalumu za hadharani na kuzigharamia. Mradi uliitwa Project 1. Mwaka 2020 janga la korona lilifuta mashindano, yakarejea 2021, kisha taasisi ya awali ikajiondoa. Mwaka 2023 yalichukuliwa na serikali ya mji, shirika la Downtown Grand Rapids na chuo cha sanaa cha Kendall, na kura za umma zikarudi. Miongoni mwa waendeshaji hao wapya imo serikali ya mji yenyewe. Kwa hiyo wana sababu ya kuhesabu jinsi mauzo yanavyopanda katika majuma ya maonyesho, na ya kumkatia msanii fungu lake kabla hajapakia kazi yake garini.